Gego Kubwa Kama Mkate

Baba yangu anachonga meno. Mtu akivunjika gego, daktari huchukua chapa ya mdomo wake na kuipeleka karakana. Huko baba hukaa kwenye stuli yake kando ya dirisha, miwani ya kukuza imepandishwa kwenye paji la uso, mkononi ana kipande cha nta kisichozidi punje ya hindi. Anakichonga mpaka kinakuwa jino la mtu huyo na si la mtu mwingine. Mafundi wa chumba cha pili ndio wanaoigeuza nta kuwa kitu kigumu cha kutafunia. Mwenye jino hamjui baba, na baba hamjui yeye, ila anajua anatafunia upande gani.

Wenzake wanamwita Gego. Hata wanaopiga simu nyumbani huanza na "Gego yupo?"

Kabla ya kuliachia jino lolote, baba hufanya jambo moja. Anazima taa ya spiriti anayolainishia nta, anafumba macho, na anapitisha ukucha wa kidole gumba cha kushoto juu ya nta, polepole, kwenye kila kibonde na kila kilima. Nilipokuwa mdogo nilidhani anasali. Siku moja nikamuuliza kwa nini haangalii tu.

"Macho yangu yananipenda mno," alisema. "Kila nikichonga yanasema safi, safi. Ukucha haunijui."

Basi ikaja mashine. Ni kabati jeupe lenye mlango wa kioo, na ndani yake kuna visindano vinavyochonga jino gumu moja kwa moja, huku maji yakirushwa ili lisiungue. Mashine haihitaji nta. Inahitaji jino lililochongwa kwenye kompyuta, jino la kuonekana tu, halafu yenyewe inalitoa likiwa kamili.

Bosi ni mwanamke aliyefundishwa kazi na baba. Mpaka leo anamwita Mwalimu, naye baba anamwita Bosi, na kila mmoja akitamka hivyo mwenzake hucheka kidogo. Aliwakusanya mafundi akawaeleza bila kuzungusha maneno. Madaktari wameanza kupeleka kazi zao kwa wenye mashine. Karakana isipobadilika itafungwa, na ikifungwa watakosa kazi wote. Kwa hiyo nta inakwisha. Kila fundi achague tableti ya kuchorea inayomfaa mkono wake, karakana itainunua. Kisha kila mmoja atachonga jino moja kwenye kompyuta, mashine ilitoe, na lijaribiwe kwenye taya la plasta. Atakayeweza ataendelea na meza yake.

"Na asiyeweza?" aliuliza fundi mmoja wanayemwita Kimya, kwa sababu hanyamazi.

Bosi alimwangalia Kimya, lakini baba anasema alijua anaangaliwa yeye. "Tutaona pa kumweka," Bosi alijibu.

Jioni hiyo baba alivua viatu mlangoni, akaja kukaa karibu yangu. Tangu nimalize chuo ananiita Profesa.

"Profesa, kuna kitu cha kununua, na mimi sijui hata kinashikwa upande gani."

Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilisomea sanaa, na kazi yangu ya mwisho chuoni ilikuwa vichwa vya watu nilivyovichonga kwenye kompyuta. Walimu walivizungusha kwenye skrini na kuvisifu. Kazi ya mshahara nilikuwa bado sijapata. Hapa nilikuwa nimeombwa jambo ninalolijua, na anayeniomba ni mtu aliyenilea kwa mikono yake. Niliamini, na bado sehemu yangu moja inaamini, kwamba kila mkono una kifaa chake mahali fulani, kinachotakiwa ni mtu wa kukitafuta kwa upendo.

Nikamweleza. Ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kibao cheusi kitupu: unachora juu yake kwa kalamu isiyo na wino, na kazi inaonekana kwenye skrini ya kompyuta mbele yako. Ya pili ina skrini yake yenyewe, kwa hiyo kalamu inagusa palepale unapopaona. Kalamu zote zinahisi nguvu ya mkono. Ukigandamiza kidogo, unachonga kidogo. Ukigandamiza sana, unachimba.

"Na upande wa nyuma wa jino unakuwa wapi?" baba aliuliza.

"Unalizungusha."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa kitufe, baba."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani amehama.

Dukani alitupokea muuzaji mchangamfu mwenye fulana ya duka. "Karibuni sana. Mchoraji ni nani hapa?"

"Mimi nachonga," baba alisema. "Msomi ni huyu."

"Unachonga nini, mzee wangu?"

"Meno."

Muuzaji akaziba mdomo kwa kiganja.

"Usiogope," baba akamwambia. "Ya juu yako mazuri. Haya ya chini ulikuwa unang'ata kalamu shuleni."

"Bado nang'ata," muuzaji alisema, na kuanzia hapo wakawa marafiki.

Alituwekea kwanza kile kibao cheusi kitupu. Kwenye kompyuta alifungua gego la mfano, bado halijachongwa, kama donge la unga. Baba akashika kalamu vizuri, karibu na ncha, kama anavyoshika kisu chake cha nta. Akainamia kibao. Akachonga, na juu kwenye skrini mfereji ukatoka nje ya jino, ukaishia hewani.

"Mzee, angalia juu. Kwenye skrini."

"Nikiangalia juu, mkono nimwachie nani?"

Tulicheka. Akajaribu tena, akaangalia juu, na mara macho yakarudi kwenye mkono yenyewe, kama mama anayesikia mtoto kanyamaza chumba cha pili. Nikakiondoa kibao kile katika hesabu zangu.

Ya pili ilikuwa na skrini, ndogo, kiasi cha daftari la shule. Baba aliibeba mkononi kabla hatujamkaribisha. Akaigeuza huku na huku, kidole kimoja kikipapasa mgongo wake. "Hii inakaa mkononi," alisema. "Inateleza kama sabuni, lakini inakaa." Akainama kuchonga. Alishusha uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, na ilimbidi afute kwa mkono wa shati, achonge kidogo, afute tena. Nilikiangalia kisogo chake. Nikajiambia, macho yake haya hayatadumu na kitu kidogo hivi.

"Jaribu kubwa," nikasema.

Kubwa ilikuwa kwenye stendi yake, imelala kidogo kama meza ya mchora ramani, na uso wake ulikuwa unakwaruza kidogo kama karatasi. Gego likatokea pana, linang'aa, kubwa kama mkate.

"Hili ni la tembo?" baba aliuliza.

"Ni lako. Huhitaji hata miwani ya kukuza."

Akachonga. Mfereji wa katikati ya gego ukashuka taratibu, ukapinda pale unapopaswa kupinda, na mwanga ukacheza kwenye kingo zake. Muuzaji alisema ahaa. Mimi nilifurahi, kwa sababu niliuona mkono wa baba mle ndani, uleule. Nikamwangalia usoni ili nione kama na yeye ameuona. Alikuwa amefumba macho. Kidole gumba cha kushoto kilipanda, ukucha ukapita juu ya kioo.

Jino likaruka. Likazunguka mara kadhaa likapotelea kwenye kona ya skrini.

"Mzee, umelirusha," muuzaji alisema. "Inahisi vidole pia. Ngoja niizime hiyo."

Akaizima. Baba akafumba macho tena, akapitisha ukucha tena. Safari hii jino lilitulia. Ukucha ulitoka upande mmoja ukafika upande wa pili, ukarudi.

"Hakuna kitu," alisema.

"Fumbua macho, baba. Lipo."

"Najua lipo. Nikifumbua nitaliona. Sitaki kuliona, nataka kujua limekaaje."

Muuzaji aliangalia pembeni, akaanza kukunjua waya ambao haukuwa umejisokota. Mimi nikazungumza. Nikasema atazoea. Nikasema ule uso wa kukwaruza kama karatasi, stendi ile, upana ule, vyote vimetengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Baba aliitazama tena ile ndogo, kwa muda mfupi tu.

"Wewe ndiye unayejua, Profesa," alisema. Tukachukua kubwa.

Tuliiweka kwenye meza ya chakula. Mama akahamisha vyombo, tukawa tunakula na sahani magotini. Kila akirudi kutoka kazini baba alikaa mbele ya lile gego, shingo imenyooka kama mwanafunzi mpya.

"Miaka yote hii hajawahi kunikodolea mimi hivi," mama alisema kutoka jikoni.

"Wewe huzunguki kwa kitufe," baba alimjibu bila kugeuka.

Siku zile zilikuwa nzuri. Naziandika kwa sababu zilikuwa nzuri. Nilizima ile ya kuhisi vidole, nikamrekebishia kalamu, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi mno, ili hata mguso mdogo uache alama. Nilimfundisha kulizungusha jino, kurudi nyuma akikosea, kuweka mwanga ubavuni. Alijifunza haraka kuliko wenzangu wengi wa chuo. Kitu kimoja tu hakikumtoka: alipokuwa akichonga kwa kalamu, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe nyuma ya tableti, ukaishika kwa chini, vidole vikitafuta mgongo wa jino.

Kila alipomaliza mfereji aliniuliza. "Huu unatosha?"

"Unatosha, baba. Unaonekana vizuri kabisa."

"Kina chake?"

"Angalia kivuli chake kilivyokaa."

Aliangalia kivuli. Kisha akaniamini.

Siku ya majaribio nilikwenda naye karakana kumbebea tableti. Chumba kilinuka plasta mbichi na, kwa mbali, nta iliyoganda kwenye mbao za meza. Jino la Kimya lilikuwa limeshatoka kwenye mashine. Lilikaa kwenye taya la plasta bila kucheza, na yeye alikuwa akisimulia kwa kila aliyepita.

"Nimelifanyia kwenye kibao cheusi cha kawaida kabisa. Mkono wangu hata siuangalii. Ningeuangalia ningeona umezeeka, nianze kulia hapa."

"Kimya, kaa kimya," mtu alisema, kama wanavyosema kila siku.

Bosi akalituma jino la baba kwenye mashine. Visindano vikaanza kulia, maji yakageuka meupe. Baba alisimama mbele ya kioo mikono nyuma. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeliona jino lile pande zote.

Bosi alilitoa, akalisuuza, akaliweka kwenye kiganja cha baba kwa mikono miwili. Baba akafumba macho. Ukucha ukapita mara moja tu.

"Ni ushanga huu," baba alisema.

Alinipa. Lilikuwa dogo, zito kidogo, zuri kwa umbo, na juu yake hapakuwa na kitu. Ile mifereji niliyoisifia, ile iliyopinda pale inapopaswa kupinda, ilikuwa imefutika. Nililigeuza kwenye mwanga wa dirisha na nikaviona vivuli hafifu, kama mikunjo ya shuka iliyopigwa pasi.

Nililielewa nikiwa bado nimelishika. Mkono wa baba unajua kina cha mfereji, na unakijua kwa jino lenye ukubwa wa jino. Uliwekewa gego kubwa kama mkate, nao ukachonga kina kilekile unachokijua maisha yake yote. Kwenye skrini, kwa ule mwanga niliouweka ubavuni, mchubuko mdogo tu ulionekana kama bonde. Mashine ilipolirudisha jino kwenye ukubwa wake, mchubuko ukawa si kitu. Na mimi niliyekuwa nikiulizwa sikuwa na namna ya kujua. Vile vichwa vyangu vya chuoni havikuwahi kutoka kwenye skrini. Hakuna mtu aliyewahi kuvigusa.

"Mwalimu, rudia," Bosi alisema. "Hatuna haraka."

Akarudia, palepale, mimi nimesimama nyuma yake. "Zidisha kina, baba," nikamwambia. "Zidisha kuliko unavyoona sawa."

"Kiasi gani?"

Sikujua. "Zidisha tu."

Akagandamiza. Mkono wake ulikataa kwanza. Niliona kabisa unavyokataa, unafika mahali unasimama kama mtu aliyefika ukingoni mwa shimo. Akaulazimisha. Jino la pili lilitoka na tundu katikati, mwanga wa dirisha ukipita upande wa pili.

"Hili mtu atalitumia kama pete," baba alisema. Watu wakacheka kwa shukrani, kwa kuwa aliwapa ruhusa.

Nikapendekeza tulipunguze jino kwenye skrini mpaka liwe na ukubwa wake wa kweli, mkono ulitambue. Tukalipunguza. Hapo ncha ya kalamu ikalifunika lote, na baba akashusha uso mpaka pumzi ikafanya ukungu. Alifuta kwa mkono wa shati. Akachonga, akafuta. Nikaikumbuka ile ndogo dukani, na kwa muda nikataka kukimbia kwenda kuileta, mpaka nikaona kwamba hata nayo ingekuwa hivihivi, kalamu juu ya jino na ukungu kwenye kioo.

Jino la tatu baba hakutaka litumwe kwenye mashine. Aliiweka kalamu mahali pake, sambamba na ukingo wa meza.

"Imetosha," alisema. "Nta imeniharibu."

Bosi alivuta kiti akakaa, ili asiongee naye akiwa amesimama. Alimweleza kuhusu meza ya mlangoni. Mtu wa kupokea chapa kutoka kwa madaktari, kuziosha, kuziandikia namba, kuona kama hazijapasuka njiani. Kazi ya muhimu, alisema. Alitafuta neno lingine zuri zaidi la kuongezea, nikamwona analitafuta, asilipate. Nilitaka kumchukia na sikuweza. Macho yake yalikuwa yamelowa, na nyuma yake mashine ilikuwa imeanza jino la mtu mwingine.

"Stuli yangu?" baba aliuliza.

"Pale dirishani patakaa kompyuta, Mwalimu. Mwanga mwingi unasumbua skrini, tutapachika pazia."

"Sawa, Bosi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Kimya alimsaidia kukusanya visu. Alivifunga kwenye kitambaa kimoja kimoja, bila kusema neno, na hilo liliniumiza kuliko yote. Tableti Bosi aliturudishia. "Kaa nayo, Mwalimu," alisema. "Imeshazoea mkono wako."

Sasa baba anakaa mlangoni. Anatoka nyumbani saa zilezile, anabeba kikombe chake kilekile. Wenye kuleta chapa wanamsalimia kwa heshima, naye anawauliza habari za njiani. Mama anasema angalau mgongo unapumzika. Mimi nimeomba kazi huku na kule, na kila ninapoulizwa ninajua nini, nasita kabla ya kujibu.

Jumamosi iliyopita, mchana, mama akiwa ameenda kwa mama mdogo, baba alinikuta mezani nikiisafisha tableti.

"Iwashe," alisema. "Lile la kwanza lipo?"

Lilikuwepo. Likatokea, kubwa kama mkate, linang'aa, mifereji yake yote ipo.

"Zuri," alisema.

"Zuri, baba."

"Ukubwa wake hasa ni upi? Nionyeshe."

Nikalipunguza, nikalipunguza tena, mpaka likawa jino. Lilibaki dogo sana katikati ya uwanja mpana wa kijivu, kama kitu kilichodondoka. Baba alivuta kiti. Mkono wake wa kulia ukaenda nyuma ya skrini, ukaikamata kwa chini. Akafumba macho, akainua kidole gumba cha kushoto, akakiweka juu ya lile jino. Kidole kililifunika lote.

Nilisimama pembeni yake. Nilitaka kusema kitu, na kila nilichokifikiria kilikuwa kitu cha kuonekana. Ukucha ulikwenda na kurudi juu ya kioo, polepole, kama bado kuna mahali hajafika. Sikuizima tableti. Nikasubiri amalize.